Watatu Ndani ya Hiace

Nyumba yetu ilikuwa na urefu wa mita 4.7 na upana wa mita 1.7, ukipima bampa hadi bampa. Humo tuliishi mimi, mume wangu na binti yetu wa miaka 8, pamoja na jiko, friji, choo, maji safi, maji machafu, makoti ya watu watatu na kiroba cha unga wa sembe nilichokipata kwa taabu katika duka la Waafrika Kusini. Mume wangu alikuwa amemaliza masomo yake Christchurch, New Zealand. Mkataba wa nyumba ya kupanga ulikwisha kabla ya tarehe ya ndege ya kurudi Dar es Salaam, na akiba yetu isingehimili hoteli: chumba cha kawaida cha moteli katika Kisiwa cha Kusini huweza kufika dola 150 au 200 za huko kwa usiku mmoja. Na milima ile yenye theluji tuliyokuwa tukiiona kwa mbali kila kulipokucha bila mawingu, sikuwa tayari kuondoka bila kuifikia. Basi tukanunua gari la kulala.

Biashara ya magari hayo kule ina msimu wake. Vijana wa Ulaya na Amerika ya Kusini hufika kiangazi kinapoanza, Novemba na Desemba, wananunua gari lenye kitanda, wanazunguka visiwa vyote viwili, halafu vuli ikiingia wanaliuza. Anayenunua Aprili ananunua kwa mtu mwenye tiketi ya ndege mfukoni. Sisi tulimkuta kijana wa Kijerumani na Hiace yake nyeupe ya dizeli. Mume wangu alipouvuta mlango wa ubavuni ukaserereka kwa mlio ule, alinigeukia na uso wa mtu aliyekutana na ndugu yake ugenini. Hiace zilianza kutengenezwa mwaka 1967, na zilizokwisha kutumika Japani huuzwa sana katika nchi zinazoendesha kushoto, iwe Tanzania, Kenya au New Zealand. Ndizo zilizompeleka shule na hospitali alipokuwa mtoto Korogwe. Alijua bila kuambiwa kwamba injini iko chini ya viti vya mbele, na kwamba ukitaka kuifikia unanyanyua kiti.

Kiti chenyewe ndicho nilichokuwa nakikalia. Kila alipotaka kuangalia injini, mimi na vyangu vyote tulihamishwa: chupa ya chai, ramani, mkoba wa dawa, kanga ya kufunika miguu, viatu vya mtoto. Hapo ndipo nilipoanza kuielewa tabia ya nyumba hii. Hugusi kitu bila kusogeza kingine, na ukisogeza kingine kuna mtu lazima atoke nje.

Dizeli nayo ina utaratibu wake. Kodi ya barabara hailipwi kwenye pampu; unanunua kilomita mapema, 1,000 kwa dola 76, na karatasi yake unaiweka kwenye kioo cha mbele. Tulinunua za kutosha mzunguko mmoja: Christchurch, Ziwa Tekapo, Wanaka, pwani ya magharibi, kisha kurudi kupitia Arthur's Pass.

Lakini kabla ya safari kulikuwa na suala la kadi ya kijani. Ili ulale bure katika maeneo mengi ya halmashauri, gari lako lazima lijitosheleze. Sheria ya kupiga kambi ya mwaka 2011 ilikazwa mwaka 2023, na tangu hapo choo kinatakiwa kifungwe ndani ya gari. Kile cha kubebeka kinachosukumwa chini ya kitanda hakitoshi tena. Gari likikaguliwa likapita, hupewa kadi ya kijani, na kwenye kadi huandikwa idadi ya watu ambao gari limeidhinishwa kuwalaza. Kadi ya Mjerumani iliandikwa 2. Mume wangu aliisoma kabla hatujalipa, akaitumia kushusha bei, na tukajua kuwa kazi imebaki kwetu.

Hesabu ni hii: lita 4 za maji safi kwa mtu kwa siku, kwa siku 3. Watu wawili ni lita 24, watatu ni 36. Maji yanayotoka kwenye sinki hayamwagwi ardhini. Lazima yashuke kwenye tangi lililofungwa. Pipa la taka liwe na mfuniko. Mume wangu alinunua madumu, mipira na vibano, akafanya kazi uani kwa rafiki yetu mpaka giza likaingia, nami nikimshikia tochi na kumwambia wapi mlango wa kabati utagonga dumu.

Mkaguzi alikuwa mzee mpole aliyevua viatu kabla ya kuingia, jambo lililonifanya nimheshimu papo hapo. Alifungua bomba, akainama kuangalia kama linavuja, akahesabu madumu. Halafu akataka kitanda kitandikwe. Sharti ni kwamba choo kiweze kutumika hata kitanda kikiwa kimetandikwa, na mtumiaji awe na nafasi ya kichwa na viwiko. Nikatandika.

“Sasa mmoja wenu aketi,” akasema.

Mume wangu ana urefu wa futi sita. Alijikunja, akapita ubavu, akaketi juu ya choo na suruali yake, goti moja likiigusa friji na jingine likiingia kwenye godoro. Binti yetu alicheka mpaka akashikwa na kwikwi. Mkaguzi alitabasamu, lakini kazi ni kazi: akaomba ubao mmoja wa kitanda ukatwe pembe. Ukakatwa pale pale kwa msumeno wa kuazima. Kadi mpya ikaandikwa 3, na siku ile nilijisikia kama mtu aliyepewa hati ya nyumba.

Usiku wa kwanza tulilala jirani na Ziwa Tekapo, mita 710 juu ya usawa wa bahari. Eneo lile lilitangazwa mwaka 2012 kuwa hifadhi ya anga la usiku, na taa za huko hufunikwa zisimwage mwanga juu. Tulisimama nje watatu tumejifunika blanketi moja, nyota zimejaa mpaka kwenye ukingo wa milima, na binti yetu akauliza kama Tanzania wanaziona hizihizi. Baba yake akamwonyesha Msalaba wa Kusini. Kisha baridi ikatufukuza tukaingia ndani, tukafunga kila kioo na kila tundu.

Asubuhi mvua ilikuwa inanyesha ndani ya gari. Dari ilikuwa inadondosha, vioo vinatiririka, blanketi la juu limelowa, na godoro, nilipolinyanyua, lilikuwa na ubaridi wa kitu kilichotolewa kisimani. Nje kulikuwa kukavu kabisa. Maji yale yalikuwa yetu. Mtu mzima akilala usiku kucha hutoa kwa pumzi na jasho maji yanayoweza kujaza glasi, na bati la gari likiwa baridi, mvuke wote huo hugeuka matone. Dawa yake inauma kuisikia: usiku wa baridi, acha vioo wazi kidogo pande mbili ili hewa ipite. Halafu kila asubuhi, bila kukosa, upanguse vioo na dari, ukamue kitambaa kwenye ndoo, unyanyue godoro lipumue, utoe mablanketi nje jua likiwapo. Ukiruka asubuhi moja, ukungu mweusi unaota chini ya godoro, na ukiota hauondoki.

Nataka kulisema jambo hili wazi, maana ndilo lililonifanya niandike. Katika nyumba yetu ya Christchurch nilikuwa nikipangusa madirisha kila asubuhi ya baridi, kwa kuwa nyumba nyingi za kule nazo hulowa. Nilifanya hivyo mume wangu akiwa ameshaondoka kwenda maktaba. Alirudi jioni akakuta nyumba kavu, sakafu safi, taka zimetoka, maji ya moto yapo, na kwa miaka yote ya ndoa yetu alidhani nyumba hukaa hivyo yenyewe. Hakuwa na nia mbaya. Kazi ilifanyika mahali asipokuwapo. Ndani ya Hiace hapakuwa na mahali asipokuwapo. Hakuweza kufika kwenye kiti cha dereva kabla godoro halijanyanyuliwa, hakuweza kuona barabara kabla kioo hakijapanguswa, na hakuweza kunywa chai kabla mtu hajakunja kitanda kuwa benchi. Aliiona kazi ya nyumba kwa macho yake, yote, kwa mpangilio wake, kila siku. Asubuhi ya tatu au ya nne alichukua kitambaa mkononi mwangu, akasema, “Mke wangu, wewe shuka na mtoto. Hapa niachie.” Akapangusa dari nzima. Nilisimama nje nikimtazama kupitia kioo alichokuwa akikisafisha, na sikusema neno.

Tekapo ilitutesa pia kwa moto. Jiko letu lilikuwa la makopo ya gesi ya butani, yale mafupi yanayouzwa kwa bei rahisi kila mahali. Asubuhi moja umande ulikuwa umeganda kwenye majani, na jiko likawaka kwa ulimi mdogo wa buluu, likatetemeka, likazima. Mume wangu akalitikisa kopo: limejaa, gesi inacheza ndani. Akaliwasha tena, likazima tena. Binti yetu alikuwa ameketi na bakuli tupu la uji mapajani.

Butani haigeuki mvuke kirahisi ikifikia nyuzi 0. Chini kidogo ya hapo hubaki kimiminika hata kopo likiwa jipya. Tena kopo likitoa gesi hujipoza lenyewe, kwa hiyo hata pale linapowaka, linajizima. Mume wangu aliliingiza ndani ya koti lake, kwapani, akatembea nalo akizunguka gari huku meno yakigongana. Hilo ni salama. Kinachoua ni yale mawili ambayo mtu mwenye baridi huyafikiria kwanza: kulipasha kopo kwenye moto, na kuwasha jiko ndani ya gari lililofungwa ili kupata joto. Hewa ya sumu inayotokana na moto uliokosa hewa safi haina harufu wala rangi, na watu hulala nayo wasiamke. Tulikuwa na kifaa cha kuipima kimebandikwa ukutani, na bado sikukubali jiko liwashwe milango ikiwa imefungwa, hata mara moja.

Mama mmoja wa makamo kutoka gari la jirani alikuwa ametuona. Alikuja amevaa gauni la kulalia na mabuti, ameshika birika la maji yanayofuka. Hakuuliza maswali. Alijaza chupa yetu ya chai, akamshika mtoto shavu, akatuambia tununue gesi yenye mchanganyiko wa propani, ambayo haishindwi na baridi ya namna ile. Unga wa uji ukakorogwa kwa maji yake. Mji uliofuata tulinunua mtungi aliotuelekeza, na jiko halikuzima tena.

Sasa choo. Watu hupenda kuonyesha picha za maziwa na milima, lakini nyumba inayotembea inaendeshwa na tangi la choo, na asiyelijua hilo hajaishi humo. Kila baada ya siku mbili tatu lazima litolewe, libebwe hadi kituo cha kumwagia, limwagwe, lisuuzwe, litiwe dawa, lirudishwe. Vituo viko vingi, vingine bila malipo, na vina mabomba mawili: moja la kusuuzia, lililoandikwa kuwa si la kunywa, na jingine la maji safi, mbali kidogo. Mpira wa kwanza haugusi dumu la maji ya kunywa, kwa namna yoyote. Nilimfundisha hata binti yetu kusoma maandishi hayo.

Tulikubaliana zamu. Zamu ya kwanza ilikuwa ya mume wangu, na ikaangukia jioni tuliyokuwa tunazungumza na mama yake kwa simu ya video. Saa kumi na moja jioni kwetu ni saa mbili asubuhi Korogwe, na mama mkwe alikuwa ndiyo kwanza amemaliza chai. Nilikuwa ndani nasonga ugali. Simu aliishika mtoto.

“Bibi, mwone baba!” akasema, akaigeuza.

Mama mkwe akamwona mwanawe, msomi wake, amevaa glavu za mpira mpaka kwenye viwiko, amelikumbatia tangi na kugeuza uso pembeni.

“Mwanangu, unabeba nini hicho?”

“Choo, mama.”

Kimya. Nilisikia kimya kile mpaka jikoni, nikapunguza moto.

“Na mkeo yuko wapi?”

“Anapika. Hii ni zamu yangu, mama. Kesho kutwa ni yake.”

Akaomba apewe mimi. Nilijifuta mikono, nikaenda, nikasema shikamoo nikiwa nimejiandaa kwa yote, maana najua alivyolelewa na najua alivyomtunzia mumewe nyumba. Akaitikia marahaba. Akaniangalia kwa muda. Kisha akasema, “Mkwe wangu, baba yenu, Mungu amrehemu, aliishi na mimi miaka yote ile na hakuwahi kubeba hata ndoo ya maji ya kuoga. Mwambie mume wako akinyanyua kitu kizito akunje magoti. Mgongo wake si mzuri tangu utoto.” Akaaga. Nilirudi kwenye sufuria na ugali wangu ulikuwa umeshika chini, na nilifurahi kuliko siku nyingi.

Tulivuka njia ya milimani ya Lindis, tukapumzika Wanaka, tukapanda njia ya Haast na kushukia upande wa pili, ambako nchi inageuka. Mashariki ya milima ni kukavu na rangi ya majani makavu. Magharibi ni msitu mzito unaoning'iniza ndevu za kijani. Mawingu yanayotoka baharini hugonga milima na kumwaga yote hapo hapo. Hokitika, mji mdogo wa pwani ile, hupata karibu milimita 3,000 za mvua kwa mwaka, kiasi cha mara mbili na nusu au zaidi ya Dar es Salaam. Tulivuka daraja la Mto Haast, la njia moja, lenye urefu wa zaidi ya mita 700, mvua ikiwa nzito kiasi kwamba mume wangu alisimama kwenye sehemu ya kupishana akasubiri, kwa kuwa hakuona kama kuna gari mbele.

Pamoja na mvua wako usubi. Ni wadogo, weusi, majike ndio wanaouma, na mtu akisimama kwa dakika moja karibu na maji wanakuwa wamemfunika vifundo vya miguu. Giza likiingia kabisa huacha, lakini saa za kupika jioni ndizo saa zao. Hapo nyumba ikaingia kwenye mtego: mvua inanyesha, kwa hiyo unapika ndani, ukipika ndani mvuke unajaa, na ugali una mvuke kuliko chakula chochote nikijuacho, mvuke na moto vinataka mlango uwe wazi, ukifungua mlango, usubi wanaingia. Tulipokuwa Wanaka nilikuwa nimenunua pazia la wavu katika duka la mitumba, bila kujua nitalifanyia nini. Mama aliyekulia Tanzania akiona wavu huuona chandarua. Nilikaa kitandani nikalishona kwa mkono, nikaweka uzito wa sarafu kwenye upindo wa chini, nikalitundika mlango wa ubavuni. Mlango ukafunguliwa wazi, mvuke ukatoka, usubi wakabaki nje wakilia kwenye wavu. Binti yetu aliwapungia mkono.

Mvua iliendelea, na betri ikafa. Gari la namna hii lina betri mbili, moja ya kuwashia injini na moja ya nyumba. Ile ya nyumba ilikuwa ya asidi, ampea-saa 100, na betri za aina hiyo hazitakiwi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo ulicho nacho kwa kweli ni 50. Friji peke yake inaweza kula 30 kwa siku. Paneli ya sola juu ya paa huzirudisha jua likiwapo, lakini jua halikuwapo. Tuliamka asubuhi friji imenyamaza, maziwa yamechachuka, na nyama niliyoinunua kwa kubana matumizi inanuka.

Mume wangu akasema, mbele ya mtoto, kwamba niliiacha taa ikiwaka usiku. Niliiacha, ndiyo, kwa kuwa mtoto alikuwa na kikohozi na nilikuwa nikimpa dawa. Yeye alikuwa amechaji kompyuta yake jioni nzima. Tukasemezana. Mambo yakatoka kwenye taa yakaenda kwenye kompyuta, yakaenda Christchurch, yakaenda mpaka kwenye harusi ya dada yangu ambayo hakuhudhuria.

Nyumbani ugomvi una milango. Mmoja huingia chumbani, mwingine huenda barazani, jirani hupita, mtu hutumwa dukani, na jioni inapofika watu wanakula bila kuongea na jambo linabaki lilipo kwa miezi. Pale nje palikuwa na mvua na usubi. Mume wangu alishika kitasa cha mlango, akatazama nje, akakiachia. Nilikuwa nimeketi kwenye kiti changu, yeye kwenye benchi, magoti yetu yanagusana.

“Mnagombana kwa sababu ya taa au kwa sababu ya mvua?” binti yetu akauliza kutoka chini ya blanketi.

Hakuna aliyemjibu mara moja. Baadaye mume wangu akasema, polepole, kwamba hakupaswa kunisema mbele ya mtoto. Nami nikamweleza kilichoniuma, na nyama na maziwa havikuwamo. Tuliongea mpaka mambo ya harusi yakaisha, kitu ambacho ndani ya nyumba yenye vyumba hatukuwahi kukifanya. Halafu tukaandika sheria ya umeme kwenye kipande cha boksi: friji kwanza, taa ya dawa pili, simu na kompyuta zichajiwe gari likiwa linatembea tu. Binti yetu aliibandika juu ya sinki na kutia sahihi yake.

Arthur's Pass walitupokea kea. Ni kasuku wakubwa wa milimani, manyoya ya kijani kilichofifia, chini ya mabawa rangi ya machungwa inayowaka, na akili zao zinaogopesha. Kuwalisha kumekatazwa, na mabango yako kila mahali. Hatukuwalisha. Walijilisha wenyewe: tulipokuwa tunatembea hadi maporomokoni na kurudi, wawili walikuwa juu ya paa wakivuta mpira unaozunguka tundu la hewa, kwa utulivu wa fundi. Usiku ule mvua iliingia moja kwa moja juu ya miguu ya mume wangu.

Alikasirika, na alikuwa na haki. Lakini binti yetu alikuwa ameshasoma habari zao katika kituo cha wageni: kwamba zamani serikali ililipa watu kwa kila mdomo wa kea ulioletwa, kwa sababu wafugaji walilalamika kuwa wanashambulia kondoo, kwamba zaidi ya 150,000 waliuawa kabla malipo hayo hayajasimamishwa miaka ya 1970, na kwamba ulinzi kamili walipewa mwaka 1986 tu. Alimsomea baba yake yote hayo huku baba yake akiziba tundu kwa gundi na kipande cha mpira wa baiskeli, mvua ikimwingia kwenye mkono wa koti. Alipomaliza kuziba, alishuka, akawatazama kea wakiwa juu ya gari la watu wengine, akasema, “Basi, wacha wale mpira.”

Tulishuka milima kuelekea Christchurch na unga ukiwa umebaki wa kusonga mara moja. Soko lilikuwa limepoa, baridi imeshaingia, na gari tuliliuza kwa bei pungufu kidogo kuliko tuliyonunulia, tofauti ambayo haikufika hata nusu ya gharama ya moteli kwa muda ule. Walionunua walikuwa kijana na mchumba wake kutoka Argentina. Kijana alizunguka gari, akapiga matairi teke, akaomba aone injini. Mchumba wake alikuwa ameshaingia ndani, anafungua kabati mojamoja, ameanza kuniuliza maswali ya maji.

“Injini baadaye,” mume wangu alimwambia kijana. “Njoo huku nyuma kwanza.”

Akamwonyesha jinsi ya kutoa tangi la choo bila kulimwaga, jinsi ya kukunja magoti, bomba lipi na mpira upi. Akampa kitambaa cha kupangusia dari, akamwambia ni cha asubuhi, kila asubuhi, na asimwachie mchumba wake. Akamnyanyulisha godoro. Kijana alisikiliza yote, akauliza mara mbili kuhusu dawa ya choo, akaandika jina lake kwenye simu. Ndipo mume wangu akaniomba nisogee, akanyanyua kiti.